Kezilahabi na Swali la Mtu Mmoja

Mwaka 1972 nilikuwa mwanachuo katika chuo kimoja cha ualimu. Jioni moja mwenzangu wa kitanda cha jirani alinipa kitabu kilichovishwa jalada la gazeti, akaniambia nikimalize kabla ya alfajiri kwa kuwa watu wanne walikuwa wakikingoja. Kilikuwa Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichochapishwa mwaka uliotangulia. Taa za chuo zilizimwa saa nne usiku, hivyo nilikisoma kwa koroboi ndani ya chandarua, jambo ambalo nilipokuwa mkuu wa shule nisingemruhusu mtoto wa mtu kulifanya. Kulipokucha nilikuwa nimekimaliza kitabu na nimeanza ugomvi nacho. Ugomvi huo umedumu zaidi ya miaka hamsini.

Vijana wa leo wanaosoma fasihi hunijia mara kwa mara na swali moja: je, mwandishi huyu aliyemweka mtu mmoja na nafsi yake mbele ya kanisa, mila, chama na serikali angali na maana? Wapo wanaosema kwamba hana. Siasa aliyobishana nayo imekwisha, na siku hizi kila mtu anajitazama mwenyewe; kwa hiyo Kezilahabi ameshinda, na aliyeshinda hana haja ya kusomwa tena. Wapo na wengine wanaosema kwamba hakuwa na maana tangu mwanzo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kukata tamaa aliyewaua wahusika wake wote. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili, na sababu yangu haikutoka vitabuni tu. Ilitoka pia katika barua moja niliyoitia sahihi.

Tuanze na mtu mwenyewe. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 huko Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, na kijiji hicho ndicho alichomlelea Rosa ndani ya kitabu. Alisoma seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1970. Katika muda wa miaka minane tu alitoa riwaya nne: Rosa Mistika mwaka 1971, Kichwamaji mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, na Gamba la Nyoka mwaka 1979. Mashairi yake ya Kichomi ya mwaka 1974 yaliacha vina na mizani, na washairi wa jadi wakaona kama mtu ameingia msikitini na viatu. Baadaye alipata shahada ya udaktari nchini Marekani, akafundisha Dar es Salaam na hatimaye katika Chuo Kikuu cha Botswana. Alifariki dunia tarehe 9 Januari 2020.

Wahakiki wameiita falsafa yake udhanaishi, yaani ile fikra iliyotangazwa Ulaya na watu kama Jean-Paul Sartre, kwamba binadamu hakuja duniani na maana iliyokwisha kuandikwa. Huijenga mwenyewe kwa kuchagua, na akishachagua hawezi kumtupia mwingine mzigo wa uchaguzi wake. Kwa mtoto wa seminari aliyekulia kisiwani, fikra hiyo haikuwa ya kuazima tu. Alikuwa amekwisha kuona jinsi watu wanavyojificha nyuma ya vitu vikubwa.

Sasa hapana budi tukumbuke majira yenyewe. Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na Machi mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Sisi vijana wa vyuo vya ualimu ndio tuliotegemewa kuieneza siasa hiyo. Tulilima, tuliimba, tulifundisha kisomo cha watu wazima jioni chini ya miembe, na sijutii hata saa moja ya kazi ile. Nimewaona akina mama wakisoma barua za watoto wao kwa mara ya kwanza bila kumwita jirani. Asimdanganye mtu kwamba miaka ile ilikuwa giza tupu.

Lakini lugha yetu ilitutega. Neno tulilokuwa nalo kwa mtu anayejipendelea na kunyonya wenzake lilikuwa ubinafsi. Na neno tulilokuwa nalo kwa mtu anayesimama peke yake akasema, “Mimi naona vingine,” lilikuwa hilohilo ubinafsi. Kupe na mtu mwenye dhamiri tuliwaweka katika kapu moja. Mwanachuo aliyeuliza swali lisilopendeza mkutanoni aliambiwa ana ubinafsi, naye akakaa chini akiona haya kana kwamba ameiba. Katika hali kama hiyo ndipo zilipotoka riwaya za Kezilahabi, na ndiyo maana zilichoma.

Rosa Mistika kilikatazwa mashuleni. Sababu iliyosemwa ni kwamba kilikuwa na mambo ya aibu, na ni kweli yamo. Rosa analelewa na baba mlevi, Zakaria, anayempiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, na anayefanya kila mwanamume aonekane nyoka machoni pa binti yake. Anapotoka nyumbani kwenda shule hajui lolote la kujilinda nalo. Anaangukia mikononi mwa watu wazima wenye nafasi na vyeo, anatoa mimba, anapata jina baya, na mwisho mchumba anapomwacha anajiua. Hata jina la kitabu, ambalo ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania, liliwaudhi waumini wengi.

Nadhani hata hivyo kuwa kilichowatisha wakubwa kuliko aibu ile ni mwisho wa kitabu. Baada ya kifo, baba na binti wanafikishwa mbele ya Mungu, na huko hakuna mila, hakuna ulevi, hakuna umaskini wa kisingizio. Kila mmoja anasimama na aliyoyatenda. Rosa anamshitaki baba yake, lakini naye haachwi kuulizwa. Wakati ule tulizoea hadithi ambamo mhalifu ni ukoloni, au ubepari, au tamaa ya mjini. Huyu alitaka kujua mhalifu ni nani kwa jina.

Baadaye kitabu kilichokatazwa kiliruhusiwa, kikafundishwa katika shule za sekondari za Tanzania na Kenya. Mwaka 2025 kilitoka hata kwa Kiingereza huko Marekani. Hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi: jambo tunaloliogopa ujanani tunalitungia mitihani uzeeni.

Dunia Uwanja wa Fujo kiligusa jeraha jingine. Tumaini, kijana wa Ukerewe aliyechezea ujana wake, anajikusanya hatimaye na kuwa mkulima tajiri. Siasa ya vijiji inapofika na kutaka mali yake, anamuua kiongozi aliyekuja kwa niaba ya siasa hiyo, naye ananyongwa. Msomaji wa mwaka 1975 hakuhitaji kuelezwa. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, huko Isimani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alipigwa risasi na mkulima wa mahindi aliyeitwa Saidi Mwamwindi. Mkulima huyo aliupakia mwili katika gari la marehemu mwenyewe, akaupeleka polisi na kujisalimisha. Alihukumiwa akanyongwa. Chuo cha ualimu cha Iringa kikapewa jina la Kleruu, na walimu wengi wa rika langu wamehitimu chini ya jina hilo.

Sisemi kwamba Tumaini ndiye Mwamwindi. Nasema tu kwamba Kezilahabi alithubutu kuingia mahali ambapo sisi wengine tulipita tukitazama pembeni. Tulifundishwa kumwona Kleruu kama shujaa na Mwamwindi kama kabaila, basi, somo limekwisha. Mwandishi hakumtakasa muuaji wake; alimpeleka kwenye kitanzi. Lakini kabla ya kufika huko alitulazimisha kukaa naye kurasa nyingi, tumjue kuwa ni mtu, na tujiulize kama nchi inaweza kumfanya mtu kuwa ndugu kwa kumtoa kwa nguvu katika shamba alilolifyeka mwenyewe.

Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Mamilioni walihamishwa. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri nilipewa kazi ya kuandika orodha ya kaya. Niliyaandika majina kwa unadhifu. Siku chache baadaye nyumba za baadhi ya watu hao ziliezuliwa ili wasirudi. Bibi mmoja, akiwa amekalia kinu chake kando ya barabara, aliniuliza, “Mwalimu, nani kasema?” Nikamjibu, “Imeagizwa, bibi.” Hakuuliza tena.

Nimesahihisha insha kwa miaka karibu arobaini, na nimewafundisha wanafunzi wangu kauli ya kutendwa kwa mifano mingi: imeagizwa, imeamuliwa, yamepitishwa. Ni kauli nzuri yenye kazi yake katika lugha. Lakini nimekuja kutambua kwamba ni nyumba yenye mlango wa nyuma. Mtendaji hutokea huko asionekane. Riwaya za Kezilahabi, kwa jinsi ninavyozielewa mimi, ni juhudi ya kuuziba mlango huo. Katika Gamba la Nyoka alivitazama vijiji vyenyewe, na jina la kitabu linatosha kuwa somo: nyoka akijivua gamba hageuki mnyama mwingine. Ukibadilisha mfumo na majina ya vyeo bila mtu mmoja mmoja kubadilika na kuwajibika, umepata gamba jipya tu.

Nilikuwa nikiyasema haya darasani kwa ufasaha mkubwa. Sasa nifike kwenye barua.

Mwaka 2004 nilikuwa mkuu wa shule moja ya sekondari. Msichana wa Kidato cha Tatu, wa kwanza darasani mwake katika Hisabati, alipatikana na mimba. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 zilitaja kosa dhidi ya maadili, nasi wakuu wa shule tulizielewa kwa namna moja tu. Bodi ilikaa kwa dakika zisizofika ishirini. Mwanamume aliyehusika hakuitwa wala hakutafutwa. Niliandika barua kwa mkono wangu kabla haijapigwa chapa, na nakumbuka maneno yake: imeamuliwa, imeonekana, unatakiwa. Nikatia sahihi, nikagonga mhuri. Mama yake aliikunja mara nne, akaifunga katika pindo la kanga, akaniambia ahsante. Kabatini, hatua tatu kutoka mezani pangu, palikuwa na nakala tisa za Rosa Mistika.

Miaka kumi na minne baadaye nilikuwa nimekwisha kustaafu. Nilishuka stendi moja ya mabasi kununua maji, na mama lishe mmoja akaniamkia, “Shikamoo, mwalimu.” Niliitikia marahaba kabla sijamtambua. Alinipa kiti na chai, akakataa fedha yangu. Tulizungumza habari za afya na za mvua. Kisha akaniuliza bila hasira yoyote, kama mtu anayetaka kujua njia, “Mwalimu, ile barua yangu uliiandika wewe?”

Nikamwambia kwamba ulikuwa utaratibu, na kwamba amri ilitoka juu.

Akasema, “Sawa. Ila jina lilikuwa lako.”

Basi langu lilipiga honi, nikaondoka. Mwaka uliotangulia, yaani Juni 2017, Rais alikuwa amesisitiza hadharani kwamba msichana aliyejifungua hatarudi katika shule za serikali. Novemba 2021 Serikali ikaondoa katazo hilo, na wasichana wa namna yake wakaruhusiwa kurudi darasani. Nilisoma tangazo lile mara mbili. Nilichokielewa ni kwamba amri iliyotoka juu ilikuwa imebadilishwa na juu hukohuko. Ile sahihi yangu, hata hivyo, haikuwa imebadilishwa na mtu yeyote.

Naweza kujitetea. Ningekataa, barua ingeandikwa na mwingine, na mimi ningehamishwa kwenda mbali na familia yangu. Yote hayo ni kweli. Lakini kulikuwa na mambo madogo yaliyokuwa ndani ya uwezo wangu, nami sikuyafanya. Ningeweza kumtafuta yule mwanamume. Ningeweza kumwonyesha mama njia ya elimu ya watu wazima ili mtoto afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ningeweza kumwita binti mwenyewe ofisini na kuzungumza naye kama mtu, badala ya kumtumia barua. Hakuna kanuni iliyonikataza. Nilichagua kutofanya, nikauita uchaguzi wangu utaratibu. Kumbe mwalimu wa Rosa Mistika alikuwa mmoja wa watu waliomo ndani ya Rosa Mistika.

Kwa hiyo wanaosema kwamba Kezilahabi ameshinda kwa sababu siku hizi kila mtu anajitazama mwenyewe, nadhani hawakumsoma vizuri. Ubinafsi wa kujilimbikizia umeshinda, hilo halina ubishi. Hata masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Lakini ule uwezo wa mtu mmoja kusimama na kusema, “Hili nimelifanya mimi, na lile sitalifanya,” haujaongezeka hata kidogo. Pengine umepungua. Leo picha ya binti wa watu ikisambazwa katika simu kwa siku moja na watu elfu moja, hapatikani hata mmoja aliyeisambaza. Kila mtu alitumiwa. Wahenga walisema wengi wape, na ni hekima ya kuishi pamoja. Hawakusema wengi wape dhamiri yako.

Wale wanaomwita mwandishi wa kukata tamaa nawaheshimu zaidi, kwa maana hoja yao ina uzito. Rosa anajiua. Kazimoto wa Kichwamaji, msomi wa chuo kikuu anayechambua kila kitu mpaka hakibaki cha kushika, naye anajiua. Tumaini ananyongwa. Mlezi wa vijana hawezi kuwakabidhi wanafunzi wake falsafa ambayo kila njia yake inaishia kaburini, akadai amewalea. Hapo ndipo ugomvi wangu na Kezilahabi ulipo hata leo. Aliijua sana upweke wa mtu, na naona hakuipa nafasi ya kutosha furaha ya kushikana mikono, ambayo sisi tuliiona chini ya miembe ile ya kisomo. Mkono mmoja haulei mwana.

Lakini nikimfikiria tena Rosa, naona kwamba hakufa kwa sababu alikuwa na uhuru mwingi. Alikufa kwa sababu kila mtu mzima aliyemzunguka alikuwa na mahali pa kujificha. Baba alikuwa na mila, mchumba alikuwa na heshima yake, na wakubwa walikuwa na vyeo. Laiti mmoja tu angetoka mafichoni, kitabu kingekuwa na mwisho mwingine. Mikono mingi hulea mwana iwapo kila mkono una mwenyewe.

Ndiyo maana nikiulizwa kama Kezilahabi angali na maana, siku hizi sijibu kwa habari za udhanaishi wala za Sartre. Namwomba anayeuliza aniandikie ukurasa mmoja juu ya jambo baya alilopata kushiriki, asitumie kauli ya kutendwa hata mara moja. Wengi hurudi baada ya siku mbili wakiwa na mistari mitatu. Mimi mwenyewe imenichukua miaka ishirini kuandika ukurasa wangu, na ndio huu mliousoma.

Mwaka jana nilipita tena katika stendi ile. Yule mama alikuwapo, na sasa ana banda la bati na wasichana wawili wa kumsaidia. Safari hii sikungoja kuulizwa. Nilimwambia, “Barua ile niliiandika mimi.” Aliendelea kukoroga sufuria kwa muda, kisha akasema kwamba anajua, na akaniuliza kama ningekula wali au ugali.